Charles Kettering: Mtoto wa shamba aliyeifanya Cadillac ing'ae, akaiachia dunia petroli yenye sumu

Chukua kitambaa cheupe, kitie polishi kidogo, kisugue kwenye kona iliyojificha ya Cadillac ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ambayo haijawahi kupigwa rangi upya. Kitambaa kikirudi na rangi ya gari, usishtuke. Hujaharibu kitu. Gari hilo halina kliya juu. Unachokigusa ni rangi yenyewe, moja kwa moja, kama fundi alivyoipuliza kiwandani.

Magari ya siku hizi ni tofauti. Ukipiga polishi, unasugua kliya, na rangi imejificha chini yake. Kwenye gari la kifahari la zamani hakuna hicho kinga. Kila unaposugua, rangi inapungua. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi huwa waoga sana wakiletewa gari la namna hiyo, na wasiojua hulimaliza kwa mchana mmoja.

Rangi hiyo ina historia, na historia yake ina mtu. Anaitwa Charles Franklin Kettering. Huenda jina hulijui, lakini ukiwasha gari kwa ufunguo au kitufe bila kushuka na hendeli mkononi, unatumia kazi yake. Na kama ulizaliwa mjini Afrika Mashariki kabla ya mwaka 2006, kuna uwezekano mkubwa umevuta hewa yenye kazi yake nyingine, ile mbaya.

Macho mabovu, kichwa kizuri

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 kwenye shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, Marekani. Familia ilikuwa ya wakulima wa kawaida. Tatizo lake kubwa tangu utotoni lilikuwa macho. Akisoma sana kichwa kinauma, na akilazimisha anaumwa kabisa.

Alianza kwa kufundisha shule za kijijini. Akaingia chuo kikuu cha jimbo la Ohio, macho yakamkatisha masomo. Badala ya kukaa nyumbani akajiunga na kikosi cha kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo za simu. Huko ndiko alikojifunza umeme kwa mikono, kisha akarudi chuoni. Alipomaliza shahada ya uhandisi wa umeme, mwaka 1904, alikuwa anakaribia miaka 28. Wenzake wengi walishakuwa kazini muda mrefu.

Kazi ya kwanza aliipata Dayton, kwenye kampuni ya National Cash Register iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine zile zilifunguliwa kwa kuzungusha mkono. Yeye akaiwekea mota ya umeme. Wataalamu walikuwa wanaamini mota yenye nguvu ya kutosha ingekuwa kubwa mno kukaa pale. Kettering akaona jambo dogo ambalo wengine hawakuliona: mota ile haihitaji kufanya kazi kutwa. Inafanya sekunde moja, inapumzika. Mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake ikiwa ni kwa muda mfupi tu.

Lishike wazo hilo, linarudi sasa hivi.

Hendeli iliyovunja mikono

Mwaka 1909 yeye na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni waliyoiita Delco. Kazi zao za mwanzo zilifanyika kwenye banda la nyuma ya nyumba ya Deeds, usiku, baada ya saa za ajira. Wateja wao wa kwanza walikuwa watu wa Cadillac.

Wakati huo gari liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini. Injini ikirudisha pigo, hendeli inageuka ghafla na kuvunja mkono, taya, au zaidi ya hapo. Inasimuliwa kwamba Henry Leland, bosi wa Cadillac, alimpoteza rafiki yake kwa ajali ya hendeli na akaapa kwamba gari lake halitamuumiza mtu mwingine kwa njia hiyo. Wanahistoria wanabishana kuhusu undani wa kisa hicho. Kilicho hakika ni kwamba Leland alitaka dawa, na Kettering akaileta.

Dawa ilikuwa ileile ya mashine ya fedha: mota ndogo, kazi ya sekunde chache, kisha ipumzike. Injini ikishawaka, mota hiyohiyo inageuka kuwa jenereta na kuchaji betri, na betri inawasha taa. Cadillac za mwaka 1912 zilitoka kiwandani na stata ya umeme. Ghafla kuendesha gari hakukuhitaji tena misuli. Wanawake wengi wa Marekani ambao hawakuwa wakiendesha sasa wakaingia barabarani, na magari ya umeme, ambayo sifa yake kubwa ilikuwa kuwaka bila hendeli, yakaanza kukosa soko.

Delco iliuzwa mwaka 1916 na baadaye ikaishia ndani ya General Motors. Kettering akawa tajiri. Kuanzia 1920 hadi 1947 aliongoza utafiti wa GM, na wafanyakazi wakamwita Boss Ket.

Wiki tatu za kusubiri rangi

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapa ndipo mambo yalipokuwa yamekwama.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari yalikuwa bado yanapakwa kama mikokoteni ya farasi ya matajiri. Fundi anapaka kwa brashi, anasubiri ikauke, anasugua, anapaka tena. Juu kabisa inakuja vanishi. Tabaka zinaweza kuwa nyingi sana, na kila moja ina siku zake za kukauka. Gari zuri linakaa wiki kadhaa kwenye chumba cha rangi. Vumbi likitua, kazi inarudi nyuma.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Kiwanda kikitoa magari 1,000 kwa siku na kila moja likisubiri siku 21, una magari 21,000 yamekaa chini ya paa bila kuingiza hata senti. Henry Ford alilikwepa tatizo hili kwa rangi nyeusi ya kuokwa kwenye tanuru. Kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka nyeusi tu. Lakini mteja wa Cadillac au Buick hakununua gari ghali ili lifanane na la jirani yake.

Na baada ya kusubiri kote huko, vanishi yenyewe haikudumu. Jua likiipiga inageuka njano, inapasuka, inabanduka. Mwenye gari analirudisha kwa fundi baada ya mwaka au miwili kulipaka upya.

Kettering aliwaita wataalamu wa rangi. Inasimuliwa kwamba walimwambia wanaweza kupunguza siku chache, na yeye akajibu kwamba alikuwa na saa moja kichwani. Wakamwona hajui anachosema.

Kuna kisa kingine kinachosimuliwa sana, nakileta kama kilivyo. Kettering aliona dukani New York trei ndogo ya kuwekea pini, imepakwa rangi ngumu yenye kung'aa. Akafuatilia nani kaitengeneza, mpaka akafika kwenye karakana ndogo ya uani huko New Jersey. Mwenye karakana akamwambia rangi ile haifai kwa gari, inakauka haraka mno, ukiipuliza inafika imeshakuwa vumbi. Yaani kosa la rangi ile lilikuwa ni sifa aliyokuwa anaitafuta.

Kutoka baruti hadi boneti

Ufumbuzi ulitoka kwa kampuni ya DuPont, ambayo pia ilikuwa na hisa nyingi ndani ya GM. DuPont walitengeneza baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita ilipoisha, walibaki na uwezo mkubwa wa kuzalisha nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba zilizotiwa asidi, ambayo ndiyo kiini cha baruti isiyo na moshi. Ukiiyeyusha kwenye kimiminika kinachoruka haraka, ukaipaka, kimiminika kinaruka na kuacha ngozi ngumu.

Tatizo: mchanganyiko ulikuwa mzito kama asali. Ukiupunguza kwa thina upate kupulizika, rangi inabaki nyembamba isiyofunika kitu. Mwaka 1920, kwenye kiwanda cha Parlin, New Jersey, watu wa DuPont walipata njia ya kuifanya nitroselulosi iwe nyepesi na bado ibebe rangi ya kutosha. Maabara ya Kettering ikashirikiana nao miaka mitatu hivi kuifanya ishike kwenye bati, ivumilie jua na isibanduke.

Wakaiita Duco. Mwaka 1923 ilianza kutumika kwenye magari ya Oakland, moja ya chapa za GM, kwa rangi ya bluu. Kazi ya wiki ikawa ya saa. Brashi haikufaa tena kwa sababu rangi inakauka kabla hujaivuta, kwa hiyo bunduki ya kupulizia ikachukua nafasi. Ndani ya miaka michache viwanda vingine vikafuata, na barabara za Marekani zikaacha kuwa nyeusi tupu. GM ikafungua idara maalumu ya umbo na rangi mwaka 1927, chini ya Harley Earl.

Nacho kisa cha mwisho cha rangi, maana wasomaji wa magari wakikikosa watalalamika. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja mwenye mashaka alialikwa na Kettering kula chakula cha mchana. Alipotoka kwenda nyumbani hakuliona gari lake. Akasema alilokuwa nalo halikuwa na rangi ile. Kettering akamwambia ndilo, limepigwa rangi wakiwa mezani.

Kwa nini lazima isuguliwe

Hapa ndipo kazi ya polishi inapoingia, na hapa ndipo wamiliki wengi wa magari ya zamani wanapoteza pesa.

Duco ikitoka kwenye bunduki haing'ai. Inakauka haraka kiasi kwamba haipati muda wa kujilaza vizuri, inabaki na uso mkavu na vinundu vidogo kama ganda la chungwa. Mng'ao wa zile Cadillac na Buick za zamani ulikuwa kazi ya mikono: msasa laini wenye maji, kisha kompaundi, kisha polishi. Kiwandani walifanya hivyo, na mwenye gari akaendelea nyumbani. DuPont wenyewe waliuza polishi ya kuendana nayo.

GM ilikaa na rangi ya namna hii hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, ilipohamia ya akriliki. Kliya haikuwa jambo la kawaida mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo ukilikuta gari la kifahari la 1935 au 1952 lenye rangi yake ya asili, mambo ni haya.

Usilifute kwa thina hata tone moja. Rangi za kisasa hukauka kwa kubadilika kikemia, haziyeyuki tena. Hii haikubadilika, iliachiwa tu kimiminika kiruke. Hata baada ya miaka 80, thina inairudisha kuwa uji.

Ule weupe kama chaki unaouona kwenye boneti mara nyingi ni ngozi ya juu tu iliyochoka kwa jua. Chini yake rangi bado ipo. Watu wavumilivu hawaanzi na mashine. Wanaosha, wanaondoa uchafu ulioshika kwa udongo maalumu wa magari, halafu wanapaka polishi yenye mafuta mengi isiyo na mchanga, wanaiacha hata usiku mzima inywewe, wanafuta, wanarudia. Rangi kavu inakunywa kama ardhi baada ya kiangazi. Ukiinyima hiyo hatua na kuipiga mashine ikiwa kavu, unaimega.

Kisha kipimo cha unene. Fundi anapima kila sehemu kwa mikroni, na anaogopa zaidi kwenye kingo: mstari wa mlango, kona ya madigadi, mgongo wa boneti. Hapo rangi huwa nyembamba, na mtu wa zamani alishasugua kabla yako. Sifongo laini, mwendo wa taratibu, mkono mwepesi. Ikitokea nyufa ndogondogo kama matope yaliyokauka, acha. Nyufa hizo zimeshuka hadi chini, hakuna polishi ya kuziondoa.

Binafsi naona gari la hivyo lenye mikwaruzo yake ya asili lina thamani kuliko lililong'arishwa mpaka bati likaonekana. Wanaolipia mamilioni kwenye minada siku hizi wanaelekea huko pia: rangi ya asili ni moja tu, ikiisha imeisha.

Jambo moja la afya. Rangi nyingi za zamani, hasa nyekundu na njano, zilikuwa na madini ya risasi. Ukisugua, sugua kwa maji, vaa barakoa, na watoto wakae mbali na vumbi lile.

Na hapo, kwenye neno risasi, ndipo jina la Kettering linapobadilika harufu.

Petroli iliyofichwa jina

Injini za wakati ule zilikuwa na ugonjwa wa kugonga. Petroli inawaka kabla ya wakati, injini inapiga kelele na kupoteza nguvu. Baadhi ya watu waliilaumu stata na vifaa vyake vya Delco, kwa hiyo Kettering alikuwa na sababu binafsi ya kulitatua. Alimpa kazi hiyo kijana wake Thomas Midgley.

Walijua pombe, yaani ethanoli, inapunguza kugonga. Kettering mwenyewe aliwahi kuisifu. Lakini pombe mtu yeyote anaweza kuipika, na inahitajika nyingi. Tarehe 9 Desemba 1921 Midgley alijaribu kiwanja cha madini ya risasi, na kiasi kidogo sana kikanyamazisha injini. Hicho unaweza kukiwekea hataza na kukiuza kwa kila galoni.

Februari 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa Dayton. Ikaitwa Ethyl. Neno risasi halikutajwa kwenye jina. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya jina hilohilo, na rais wake wa kwanza akawa Kettering.

Kwamba risasi ni sumu haikuwa siri. Ilijulikana tangu zama za Warumi, na Midgley mwenyewe alikuwa ameshaugua kwa kuishika. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakitengeneza kiungo hicho walianza kuona vitu visivyokuwepo na kupagawa. Watano walikufa, zaidi ya 30 wakalazwa. Wengine walikufa kwenye viwanda vingine kipindi hichohicho.

Mwaka 1925 mauzo yalisimamishwa, madaktari na wanasayansi wakaitwa Washington. Baadhi yao walisimama na kuonya waziwazi kwamba hii itatia sumu kwenye miji yote, polepole, bila mtu kuiona. Kettering aliondolewa kwenye urais wa Ethyl mwaka huo. Kamati ikachunguza kwa miezi michache, ikasema haijaona sababu ya kupiga marufuku, na mwaka 1926 petroli ikarudi sokoni. Utafiti wa miaka mingi iliyofuata uligharamiwa zaidi na wenye biashara wenyewe.

Kuna wanaomtetea kwa kusema alikuwa mtu wa zama zake. Mimi siungi mkono. Maonyo yalitolewa mbele ya watu wake, na dawa mbadala waliijua.

Alikopita tena

Hakushinda kila kitu. Injini ya Chevrolet iliyopozwa kwa hewa na mapezi ya shaba, aliyoipigania kwa nguvu zote, iliharibikia barabarani mwaka 1923, magari yakarudishwa kiwandani na Kettering akataka kujiuzulu. Alfred Sloan, bosi wa GM, akamkatalia. Wakati wa Vita vya Kwanza alibuni ndege-bomu isiyo na rubani, ila vita iliisha kabla haijatumika. Injini za dizeli za treni alizozisukuma miaka ya 1930 zilichangia kuiondoa mvuke kwenye reli za Marekani. Hataza zake zilizidi 180. Mji wa pembeni ya Dayton ukachukua jina lake akiwa bado hai.

Mwaka 1945 yeye na Sloan walianzisha New York taasisi ya utafiti wa saratani inayobeba majina yao, Sloan-Kettering. Mwaka uliofuata saratani ikamchukua mke wake, Olive, waliyeoana mwaka 1905. Hadi leo wagonjwa kutoka pande zote za dunia wanatibiwa pale.

Kettering alifariki Dayton tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na miaka 82. Wakati huo petroli yenye risasi ilikuwa karibu kila kituo cha mafuta duniani, na magari ya kifahari yaliyomfanya tajiri yaliiteketeza kwa wingi kuliko mengine.

Marekani ilianza kuiacha miaka ya 1970. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimefanya hivyo, pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Tangazo la kwamba imekwisha kwenye magari lilitolewa tarehe 30 Agosti 2021 na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lenye makao yake Nairobi, ambalo lilikadiria kuwa kuiondoa kunaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Ndege ndogo za injini za pistoni nyingi bado zinaijaza.